Kabla Hujanunua Amplifaya Nyingine: Kutafuta Hitilafu ya Nyaya za Muziki wa Gari Hatua kwa Hatua

Probox moja iliingia karakana kwangu hapa Kisumu ikitoka upande wa Dunga, ikiwa bado na harufu ya samaki iliyokuwa imebeba asubuhi. Mwenyewe alikuwa amekwisha kununua betri mpya, kisha amplifaya mpya, na bado kila besi ilipopiga muziki ulikatika, ukarudi, ukakatika tena. "Fundi," akaniambia, "nimechoka kununua vitu." Nilifunua zulia la buti. Maji ya barafu ya samaki yalikuwa yametuama chini yake kwa muda mrefu kiasi kwamba bati lilikuwa limeanza kuvimba kwa kutu, na waya wa hasi wa amplifaya ulikuwa umeshikiliwa hapo kwa skrubu moja nyembamba. Nilipoligusa lagi, kile kichwa cha chuma kilichobanwa mwisho wa waya, kwa kidole, lilizunguka lenyewe na kuniachia unga wa kijani kwenye ngozi. Niliweka mita kati ya terminali ya hasi ya amplifaya na nguzo ya hasi ya betri, nikamwomba apige muziki, na mita ikaruka hadi volti 2.3 kila besi iliposhuka. Kazi ilihitaji msasa, bolti moja, lagi jipya na muda usiozidi nusu saa. Amplifaya yake ya kwanza, ile aliyokuwa ameitupa chini ya kitanda akidhani imekufa, bado inafanya kazi hadi leo.

Nimeuandika mwongozo huu kwa sababu gari lile si la pekee. Amplifaya nyingi zinazohukumiwa kuwa zimeungua huwa nzima kabisa, na ugonjwa uko katika waya, fyuzi, kiungo au sehemu ya athi, yaani pale hasi inapofungwa kwenye bodi ya gari. Kipimo kinachofichua magonjwa hayo ni kile kinachochukuliwa wakati amplifaya inavuta mkondo, si wakati gari limezimwa na kila kitu kimelala.

Sikiliza ugonjwa kabla ya kushika spana

Muulize mwenye gari, au ujiulize mwenyewe, hitilafu hutokea lini hasa. Amplifaya isiyowaka kabisa ina tatizo la umeme kuifikia au la waya wa remoti, yaani ule unaotoka kwenye redio kuiamuru iwake. Inayowaka bila kutoa sauti ina tatizo la mawimbi ya sauti kutoka kwenye redio, au la spika. Inayowasha taa nyekundu ya ulinzi inajikinga dhidi ya shoti, mzigo mzito kupita kiasi, joto au volti duni. Inayokatika sauti ikipandishwa, kama ile Probox, karibu kila mara inakosa volti kwa sababu ya njia mbovu ya umeme. Mlio mwembamba unaopanda na kushuka kadiri unavyokanyaga mafuta hutoka kwenye mfumo wa kuchaji na huingia kupitia athi au nyaya za RCA, zile zinazopeleka sauti kutoka redio hadi amplifaya. Swali hili moja likijibiwa vizuri huokoa nusu ya kazi, kwa kuwa kila dalili ina mahali pake pa kuanzia.

Vifaa na tahadhari

Unahitaji mita ya kidijitali ya kawaida inayopima volti na ohmu, waya mwembamba wa ziada wenye urefu wa mita 5 hivi, msasa, spana, plasi ya kubania lagi, taa ya wati 21 ya gari iliyounganishwa nyaya mbili, na betri ndogo ya redio ya volti 1.5. Kabla ya kukata au kufunga waya wowote, fungua kwanza terminali ya hasi ya betri na uirudishe mwisho. Vua pete na saa ya chuma. Usipime ohmu kwenye mahali penye umeme, na usiweke kamwe mita iliyo katika nafasi ya ampea moja kwa moja kati ya chanya na hasi ya betri, kwa maana hiyo ni sawa na kufunga shoti kwa mkono wako. Nyaya za mifuko ya hewa, ambazo kwa kawaida huwa na soketi za rangi ya manjano, ziache kama zilivyo.

Hatua ya kwanza: Betri na kuchaji

Weka mita kwenye volti za DC, kipimo cha 20, kisha upime kwenye nguzo zenyewe za betri, si kwenye vibanio. Gari likiwa limezimwa kwa saa kadhaa, betri iliyojaa husoma karibu volti 12.6, iliyobaki nusu husoma karibu 12.2, na iliyo chini ya 12.0 iko karibu kuisha. Washa injini: unapaswa kuona kati ya 13.8 na 14.4. Zikibaki 12 na kitu, alteneta haichaji, na hakuna haja ya kuendelea na amplifaya mpaka jambo hilo lirekebishwe. Baada ya hapo, pima tena ukigusa vibanio vya nyaya badala ya nguzo. Usomaji ukitofautiana hata kwa volti 0.1 taa za mbele zikiwa zimewashwa, kibanio ni kichafu au kimelegea.

Hatua ya pili: Terminali tatu za amplifaya

Amplifaya ina terminali tatu za umeme: chanya, hasi na remoti. Washa redio, kisha uweke ncha nyeusi ya mita kwenye terminali ya hasi ya amplifaya, na ncha nyekundu kwenye chanya. Ukipata volti karibu sawa na zile za betri, umeme unafika. Usipopata chochote, usikimbilie kusema waya wa chanya umekatika. Iache ncha nyekundu pale pale, kisha uhamishe ncha nyeusi kwenye chuma tupu cha bodi. Volti zikitokea sasa, kilichokatika ni athi. Zisipotokea, kagua fyuzi iliyo karibu na betri, na uikague kwa mita badala ya macho, kwa sababu fyuzi inaweza kupasuka mahali palipofichwa na kofia yake. Pima volti upande mmoja wa fyuzi, kisha upande wa pili. Ikiwa nzima, pande zote mbili husoma sawa.

Mwisho, hamishia ncha nyekundu kwenye remoti. Redio ikiwa imewashwa unapaswa kuona karibu volti 12, na ikizimwa zishuke hadi sifuri.

Hatua ya tatu: Volti zinazopotea njiani

Hapa ndipo ninapoomba msomaji asifanye haraka. Waya wenye nyuzi 2 zilizobaki kati ya 100 utaonyesha volti 12.6 kamili gari likiwa kimya, kwa kuwa mita haivuti mkondo wa maana. Mpe waya huo kazi ya kupitisha ampea 40 na volti zitapotea papo hapo. Ndiyo maana fundi anayepima bila muziki huapa kwamba nyaya ni nzima, na mteja hununua amplifaya ya pili.

Washa injini, piga wimbo wenye besi nzito, au bora zaidi mlio mmoja wa herzi 50 kutoka kwenye simu, na uweke sauti katika kiwango ambacho tatizo hutokea. Kwa kutumia ule waya mrefu wa ziada, unganisha ncha moja ya mita na nguzo ya hasi ya betri, na ncha ya pili uiguse kwenye terminali ya hasi ya amplifaya. Unachokisoma ni volti zinazopotea kwenye athi peke yake. Zikiwa chini ya 0.1 kazi ni nzuri sana, hadi 0.2 ni ya kuvumilika, na zaidi ya hapo athi ni mbovu, hata kama inaonekana imekazwa vizuri. Rudia upande wa chanya: ncha moja kwenye nguzo ya chanya ya betri, nyingine kwenye terminali ya chanya ya amplifaya. Pande zote mbili zikijumlishwa, mimi sikubali zaidi ya volti 0.5.

Ukikuta upotevu mkubwa upande wa athi, ugawanye ili ujue umekaa wapi. Pima kati ya terminali ya hasi ya amplifaya na chuma tupu kilicho kando ya bolti ya athi: volti zikiwa nyingi hapo, lawama ni ya lagi, rangi au kutu. Zikiwa chache, pima kati ya chuma hicho na hasi ya betri: zikiwa nyingi, waya mfupi wa kiwandani unaotoka betri kwenda bodini ndio usiotosha, au bolti yake imeoza. Watu wengi humwekea mteja kebo nene ya chanya yenye urefu wa gari zima na kuusahau waya huo mdogo chini ya boneti, ilhali kila ampea inayokwenda kwenye amplifaya lazima irudi kupitia huo.

Athi njema hufungwa hivi. Chagua chuma kinene cha bodi, kilicho karibu na amplifaya kiasi kwamba waya usizidi nusu mita. Hakikisha hakuna tangi la mafuta wala bomba la breki upande wa chini kabla hujatoboa. Ingia chini ya gari uangalie kwa macho yako. Kwangura rangi kwa msasa mpaka uone chuma king'aacho, eneo kubwa kuliko lagi lenyewe. Tumia bolti na nati pamoja na washa yenye meno, si skrubu ya bati, kisha paka grisi au rangi juu ya kiungo baada ya kukikaza, kwa kuwa unyevu wa huku kandokando ya ziwa haungoji mwaka kuisha kabla haujaanza kula chuma kilichoachwa wazi. Bolti ya mkanda wa usalama iache. Ipo pale kushikilia uhai wa mtu, na haifai kulegezwa kwa ajili ya muziki.

Upande wa chanya, upotevu mara nyingi hutokana na waya mwembamba au waya wa aluminiamu uliopakwa shaba. Ukwangue uzi mmoja kwa kisu: ukiona weupe wa fedha ndani ya ngozi nyekundu, hiyo si shaba tupu. Aluminiamu hupitisha umeme kwa takriban asilimia 60 tu ya shaba yenye unene ule ule, kwa hiyo kebo inayoonekana nene kwa sababu ya plastiki yake inaweza kuwa hafifu. Hesabu yenyewe ni rahisi. Kebo ya shaba ya milimita mraba 8 yenye urefu wa mita 5 ina ukinzani wa karibu ohmu 0.011, na ikipitisha ampea 40 hupoteza volti 0.44. Kebo ya shaba ya milimita mraba 21, yaani ile inayoitwa namba 4, hupoteza 0.17 tu katika hali hiyo hiyo. Ili kujua ampea zako, chukua wati halisi za amplifaya, zile zilizoandikwa RMS wala si zile kubwa zilizochorwa juu ya kifuniko, uzigawanye kwa ufanisi wake kisha kwa volti. Amplifaya ya daraja D ya wati 400, yenye ufanisi wa asilimia 80 hivi, huvuta karibu ampea 36 kwenye volti 13.8.

Hatua ya nne: Waya wa remoti

Magari mengi tunayoyatumia hutoka Japani yakiwa na redio zilizotengenezwa kwa masafa ya huko, yanayoanzia megahezi 76, ilhali vituo vyetu viko kati ya 88 na 108. Kwa hiyo redio hubadilishwa mapema, na mara nyingi soketi ya kiwandani hukatwa na nyaya kusokotwa kwa mkono na kufungwa tepu. Hapo ndipo matatizo mengi ya remoti huzaliwa.

Katika redio nyingi za kununua, waya wa manjano ni umeme wa kudumu, mwekundu ni wa swichi ya gari, mweusi ni hasi, na wa bluu wenye mstari mweupe ndio remoti ya amplifaya. Wa bluu mtupu ni wa kuinua antena ya umeme, na kwa baadhi ya redio huzima unapoacha kusikiliza FM ukaenda kwenye USB. Iwapo amplifaya yako hufanya kazi kwenye redio pekee na kunyamaza kwenye flashi, waya uliotumika bila shaka ni huo. Remoti ikisoma volti 12 nyuma ya redio na 7 au 8 kwenye amplifaya, kuna kiungo kibovu katikati. Fungua tepu, lehemu upya au tumia kiungo cha kubana, kisha funika.

Mafundi wengine huunganisha remoti na chanya ya kudumu ili kuondoa usumbufu. Amplifaya hapo hailali. Hata ikiwa kimya inaweza kuvuta ampea 1 hivi, na kwa usiku wa saa 12 hiyo ni ampea-saa (Ah) 12 kutoka betri ya Ah 45. Wateja wanaolalamika kwamba gari halistati asubuhi baada ya kufungiwa muziki, mimi huanzia hapo. Tena, usiining'inizie remoti feni na taa za mapambo, kwa kuwa imetengenezwa kutoa mkondo mdogo wa kuashiria tu. Vitu hivyo vipewe rilei, yaani swichi inayofungwa na mkondo mdogo ili kupitisha mkubwa.

Hatua ya tano: Fyuzi inayoungua kila mara

Usiweke fyuzi kubwa zaidi, wala karatasi ya sigara, wala waya. Fyuzi iliyo karibu na betri hailindi amplifaya. Inalinda kebo isishike moto, na ndiyo maana inapaswa kuwa ndani ya sentimita 45 kutoka kwenye betri. Kebo isiyo na fyuzi inayopita chini ya viti vya abiria, ikichubuka na kugusa bodi, hupewa na betri mamia ya ampea kwa mkupuo. Sitaki msomaji wangu yeyote ajifunze jambo hili kwa kulishuhudia.

Chomoa kebo ya chanya kwenye amplifaya na uifunike ncha yake kwa tepu. Ondoa fyuzi, na mahali pake weka ile taa ya wati 21. Taa ikiwaka kikamilifu wakati upande wa amplifaya umechomolewa, kebo yenyewe imegusa bodi mahali fulani njiani. Taa huruhusu ampea zisizofika 2 tu kupita, kwa hiyo unaweza kutafuta bila hofu ya moto: tikisa kebo kidogo kidogo kuanzia kwenye boneti, na inapofifia au kucheza umefika. Mahali pa kwanza pa kuangalia ni pale kebo inapopenya bati linalotenga injini na ndani ya gari, kwa kuwa tundu lisilo na mpira hukata plastiki kama kisu kadiri gari linavyotikisika. Pa pili ni chini ya reli za viti.

Taa isipowaka, rudisha kebo kwenye amplifaya huku redio ikiwa imezimwa. Taa itamulika mara moja kapasita zinapojaa, kisha ifife. Ikiendelea kung'aa, shoti iko ndani ya amplifaya, na sasa ndiyo unaweza kusema kwa haki kwamba imeungua.

Hatua ya sita: Taa nyekundu ya ulinzi

Zima, chomoa nyaya zote za spika kwenye amplifaya, kisha washa. Taa nyekundu ikizimika na ya kijani ikawaka, tatizo liko kwenye spika au nyaya zake. Isipozimika, chomoa na RCA pia. Ikibaki nyekundu ilhali umeiachia chanya, hasi na remoti peke yake, na volti ni nzuri, ipeleke kwa fundi wa bodi za elektroniki.

Kama ni spika, pima ohmu za kila jozi ya nyaya zikiwa zimechomolewa. Spika ya ohmu 4 husoma kati ya 3.2 na 3.8 kwenye mita. Ikisoma karibu sifuri, koili imeungua au nyaya zinagusana. Ikionyesha njia iliyokatika, koili au waya umekatika. Halafu pima kati ya kila waya wa spika na bodi ya gari: hapo pasiwe na mawasiliano yoyote. Milango ndiyo inayosumbua zaidi, kwa sababu waya hukunjwa kila mlango unapofunguliwa, na terminali ya spika nayo inaweza kugusa chuma cha mlango.

Kosa lingine ni la hesabu. Sabufa 2 za ohmu 4 zikiunganishwa sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, hutoa ohmu 2; zikiunganishwa mfululizo hutoa 8. Amplifaya nyingi za chaneli 2 zilizounganishwa kwa daraja, yaani chaneli zote mbili zikisukuma mzigo mmoja, huvumilia ohmu 4 kama kiwango cha chini, kwa hiyo ukizipa 2 zitacheza vizuri kwa sauti ndogo, kisha zitajifunga unapofurahia. Soma maandishi yaliyo kando ya terminali za spika kabla ya kuunganisha.

Hatua ya saba: Inawaka lakini haina sauti

Chomoa RCA za redio na uunganishe simu moja kwa moja kwenye amplifaya kwa waya wa tundu la visikizi; simu ya kabambe, ile ndogo ya vitufe, yenye tundu hilo inatosha. Anza na geini, kile kirekebishi cha ukuzaji kilicho kwenye amplifaya, ikiwa chini kabisa. Sauti ikitoka, amplifaya na spika ni nzima, na kilichobaki ni waya wa RCA au redio. Badilisha waya kwanza, kwa kuwa ndio rahisi. Sauti isipotoka, jaribu spika yenyewe kwa betri ya volti 1.5: igusishe kwa sekunde moja na usikie mkwaruzo. Chanya ya betri ikigusa chanya ya spika, koni inapaswa kusukumwa nje. Fanya hivyo kwa sabufa zote, kwani moja ikiwa imeunganishwa kinyume, hufutana na mwenzake, na besi hubaki dhaifu ingawa kila kitu kinaonekana kufanya kazi.

Hatua ya nane: Mlio wa alteneta

Shusha geini kwanza. Geini si kitasa cha sauti, na ikiwa imefunguliwa hadi mwisho hukuza kila uchafu unaoingia. Mlio ukibaki, chukua vichwa vya zamani vya RCA, unganisha pini ya kati na ukingo wake wa nje, kisha uvichomeke kwenye amplifaya badala ya nyaya za redio. Mlio ukitoweka, unatoka mbele, kwenye redio au njiani. Ukibaki, rudi kwenye athi ya amplifaya na hatua ya tatu.

Kwa mlio unaotoka mbele, ipe redio waya wake wa hasi hadi kwenye chuma tupu badala ya kutegemea waya mwembamba wa soketi. Angalia pia njia: kebo ya umeme ipite upande mmoja wa gari na RCA upande mwingine, na zikilazimika kupishana, zikatane kama msalaba badala ya kulala pamoja. Mwisho, redio ikiwa imechomolewa umeme, pima ohmu kati ya ukingo wa nje wa tundu la RCA na bati la redio. Panapaswa kuwa karibu na sifuri. Ukikuta pamekatika, kinjia chembamba ndani ya redio kimeungua, na chanzo chake aghalabu ni athi ya amplifaya iliyolegea: mkondo uliokosa njia ya kurudi ulipita kwenye ukingo wa RCA. Kwa hiyo tengeneza athi kabla ya kutengeneza redio, na usichomoe wala kuchomeka RCA amplifaya ikiwa imewashwa.

Kwa wenye mabasi ya volti 24

Mabasi mengi ya Isuzu ya viti 33 yanayopita barabara za Kakamega, Kisii na Nakuru yana betri 2 zilizounganishwa kutoa volti 24, na amplifaya ya gari ndogo imetengenezwa kwa 12. Ukiiunganisha moja kwa moja itaharibika. Njia ya mkato ya kuchukua volti 12 kutoka betri moja huifanya betri hiyo ichoke huku mwenzake ikichajiwa kupita kiasi, na baada ya miezi michache zote mbili huwa hazifai. Tumia kigeuzi cha 24 hadi 12 chenye ampea zinazozidi mahitaji ya amplifaya, kikiwa na fyuzi yake, na upime volti zinazotoka humo muziki ukipigwa kwa nguvu, kama ulivyofanya katika hatua ya tatu.

Kufunga upya

Kaza kila terminali, kisha piga muziki kwa nguvu kwa dakika 15. Zima, na uguse kishikio cha fyuzi, terminali na bolti ya athi kwa upande wa nyuma wa vidole. Mahali panapochoma kuliko waya unaoingia humo pamelegea, au kiungo chake hakikubanwa vizuri. Gari likishapita wiki moja kwenye barabara za vumbi na mashimo, lirudishe ukaze tena, kwa kuwa nyuzi laini za shaba hujipanga upya chini ya skrubu na kuacha nafasi.

Kisha chukua kipande cha tepu nyeupe na uandike kwa kalamu ya wino usiofutika: tarehe, volti za betri injini ikiwa inanguruma, volti zilizopotea upande wa chanya, zilizopotea upande wa hasi, na ohmu za kila chaneli. Kibandike ubavuni mwa amplifaya, mahali ambapo fundi atakayeifungua baadaye, hata kama si wewe, atakiona kabla ya kuanza kupima.